Altrasaundi ya mapafu, eksirei au CT skani: mgonjwa wa kuhisiwa virusi akiingia emajensi unaanza na ipi?

Mgonjwa kaingia, anahema haraka, homa siku ya tano au ya sita, kikohozi kikavu, oksijeni kidoleni inasoma 91. Pale chumbani kila mtu ana lake, mmoja anasema apelekwe eksirei, mwingine anataka CT skani moja kwa moja, nesi anauliza kipimo cha virusi kimeshachukuliwa au bado, na we umesimama na mashine ya altrasaundi pembeni unajiuliza hii kitu itanisaidia au nitapoteza tu dakika kumi. Nimekaa kwenye hicho chumba mara nyingi, na nilichokiona ni kwamba watu wanabishania mashine wakati hawajakubaliana swali. Maswali ni mawili na hayafanani kabisa. La kwanza, ana virusi au hana, na kama anavyo ni vipi? La pili, mapafu yake yako hali gani sasa hivi, na je ni kweli shida ni virusi au kuna kitu kingine kimevaa koti la virusi? Altrasaundi ni hodari kwenye la pili. Kwenye la kwanza ni dhaifu, na ukiilazimisha itakuaibisha.

Namba zenyewe ziko hivi. Cochrane, wale wanaokusanya tafiti za dunia nzima na kuzipima kwa pamoja, mwaka 2022 walitoa mapitio yao ya picha za kifua kwa watu waliohisiwa kuwa na UVIKO-19. Kati ya wagonjwa 100 waliokuwa nao kweli, altrasaundi ilikamata kama 89, CT skani 87, eksirei 73. Ukiishia hapo utasema altrasaundi imewapita wote. Sasa geuza karatasi: kati ya watu 100 wasiokuwa nao, altrasaundi iliwaacha salama kama 72, yani 28 iliwasingizia, CT iliwaacha 78 na eksirei 73. Hakuna hata moja hapo ya kuiamini peke yake ikuambie huyu anavyo, huyu hana. Jibu la swali la kwanza liko kwenye ile pamba ya puani, iwe PCR, kile kipimo cha maabara kinachosaka chembe za urithi za kirusi, ambacho kinakula masaa, iwe kile kipimo cha haraka cha dakika 15 mpaka 30 ambacho kikisema ndiyo unakiamini zaidi kuliko kikisema hapana. Basi, la kwanza limeisha, chukua pamba, tuma maabara, endelea na kazi.

Tukae kwenye la pili sasa maana ndo linaloua watu.

Altrasaundi inaona nini hasa

Kuna watu bado wanashangaa, altrasaundi na mapafu wapi na wapi, si tulifundishwa mawimbi ya sauti hayapiti kwenye hewa? Ni kweli hayapiti. Na hapohapo ndipo ujanja ulipo. Pafu zima limejaa hewa kwahiyo mawimbi yakifika kwenye utando wake wa nje yanagonga na kurudi, we kwenye skrini unaona mstari mweupe unaoteleza mgonjwa akivuta pumzi, alafu chini yake mistari mingine ya kulala iliyopangana kwa umbali uleule, hiyo ni mwangwi tu wa utando unajirudia. Hiyo inaitwa mistari ya A. Ukiiona na utando unateleza, eneo hilo limejaa hewa, halina maji.

Pafu likianza kulowa au kuvimba chini ya utando, picha inabadilika. Zinatokea mistari ya kusimama, mieupe, inaanzia kwenye utando inashuka mpaka chini ya skrini bila kufifia, inafuta ile ya A njiani na inatembea pamoja na pumzi, ukiiangalia utafikiri mtu kawasha tochi nyuma ya mlango wenye nyufa. Hiyo ndo mistari ya B. Wataalamu walikubaliana kwenye mwongozo wao wa kimataifa wa 2012 kwamba mitatu au zaidi kwenye nafasi moja ya mbavu sio kawaida. Mmoja au miwili kwa mzee, chini kule karibu na kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, usianze kupiga kelele, inaonekana hata kwa wazima.

Aliyeisukuma sana hii elimu ni Daniel Lichtenstein, daktari wa ICU, yani wodi ya mahututi, kutoka Ufaransa, ambaye mwaka 2008 alichapisha utaratibu wake unaoitwa BLUE kwa wagonjwa 260 walioshindwa kupumua ghafla, na altrasaundi ikapatia chanzo kwa karibu 90 kati ya kila 100. Kwahiyo hii kitu haikuzaliwa na korona kama vijana wengi wanavyodhani, korona ilifanya tu watu waifute vumbi.

Sasa mapafu ya virusi yana sura yake. Mistari ya B inakuwa kwa mabaka, hapa ipo imejazana, unasogeza probu, kile kichwa cha mashine unachogusisha ngozi, vidole viwili unakuta pafu safi kabisa, unasogeza tena unakuta imerudi. Utando wenyewe unakuwa umekwaruzika, umenenepa, una vipengele, na mara nyingine chini yake kuna vidoa vidogo vyeusi vya pafu lililojaa na kukosa hewa. Pande zote mbili zinaguswa ila hazilingani, na mara nyingi mgongoni na chini ndo kunakuwa kubaya kuliko mbele. Hapo kwenye mgongo narudia maana ndo kosa la kila anayeanza, anapima kifua cha mbele tu kwa sababu mgonjwa kalala chali na ni rahisi, anaona safi, anaandika kawaida, wakati ugonjwa wote umekaa nyuma. Mkalishe. Kama hawezi kukaa mgeuze kidogo upitishe mkono.

Ila sura hiyo haina jina la kirusi juu yake. Mafua ya H1N1 ya 2009 yalileta picha za aina hiyohiyo, na nimonia nyingine za virusi nazo hivyohivyo. Ndo maana ile 28 kati ya 100.

Altrasaundi na eksirei

Hapa ndo mabishano makubwa yalipo kwahiyo nitakaa.

Eksirei ina mambo yake mazuri ambayo wapenzi wa altrasaundi, mimi nikiwemo, huwa tunayaruka. Inakupa kifua chote kwa picha moja. Moyo, katikati ya kifua, mizizi ya mapafu, mbavu, vyote mezani. Ukipiga leo na ukapiga keshokutwa unaziweka mbili pamoja mtu yeyote anaona tofauti, hata daktari ambaye hakuwepo usiku ule, wakati altrasaundi yangu ya jana usiku ni neno langu dhidi ya lako kama sikuhifadhi klipu. Na kuna magonjwa altrasaundi inayapita tu bila salamu. Tundu la kifua kikuu kule juu ya pafu, au uvimbe uliokaa katikati mbali na utando, hivyo eksirei ina nafasi nzuri zaidi ya kuviona. Mgonjwa akikwambia anakohoa wiki ya sita, kakonda, anatoka jasho usiku, usijifanye bingwa wa probu, piga eksirei na chukua makohozi.

Lakini kwa huyu wetu wa siku ya tano, eksirei inachelewa. Mapema kwenye ugonjwa picha inaweza kutoka safi kabisa na mgonjwa anahema mbele yako, kwa sababu ule ukungu mwepesi wa pembeni mwa mapafu haujawa mzito wa kutosha kuonekana. Ongeza kwamba mgonjwa mahututi hapigwi amesimama vizuri akavuta pumzi, anapigwa kalala, kwa mashine ya kusukuma, pumzi nusu, moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, maji kidogo ya pembeni yanatandaa nyuma yanageuka kivuli tu. Altrasaundi kwenye maji haina mpinzani pale kitandani, hata kidogo inayaona, na inakuonyesha wapi pa kuchoma kama unataka kuyatoa.

Halafu kuna suala la nani anaambukizwa. Kupeleka mgonjwa eksirei ni korido, lifti, wa kumsukuma, mtu wa eksirei mwenyewe, na chumba kitakachosafishwa baadaye. Altrasaundi ni mimi ambaye tayari nimevaa magauni na barakoa na nilikuwa namgusa hata hivyo. Sitadanganya kwamba haina gharama yake: unakaa karibu na uso wa mtu anayekohoa kwa dakika tano mpaka kumi. Mimi naanza na mgongo nikiwa nimesimama nyuma yake, yeye kaangalia ukutani na barakoa yake puani, na upande wa mbele naufanya mwisho na haraka.

Mionzi pia, japo kwa eksirei moja sio kitu cha kuogopesha, ni kama milisivati 0.1 (hicho ndo kipimo cha mionzi mwilini). Tofauti yake inakuja kwa mjamzito na kwa mtu utakayemrudia kila siku. Altrasaundi haina mionzi kabisa, unarudia asubuhi na jioni bila mtu kukuuliza.

Ukinibana nichague moja kwa mgonjwa anayehema na nahisi virusi, nachukua altrasaundi kwanza, na eksirei inafuata kama picha haieleweki au kama nahisi kitu cha juu au cha katikati. Kama mkono wako kwenye probu ni wa juzi basi geuza mpangilio, eksirei kwanza, na altrasaundi uifanye ya kujifunzia ukilinganisha na eksirei. Hakuna aibu. Aibu ni kumwandikia mtu matibabu kwa picha usiyoielewa.

CT skani

Hii ndo inayoona vyote, ya juu, ya chini, ya katikati, na ukiweka dawa ya kung'arisha mishipa inakuonyesha bonge la damu kwenye mishipa ya mapafu, kitu ambacho virusi vikali vinapenda kuleta. Kwa hilo haina mbadala. Tatizo ni kwamba watu walitaka kuitumia kama ungo wa kuchuja kila anayekohoa, mpaka Machi 2020 chuo cha wataalamu wa radiolojia wa Marekani, ACR, wakasema wazi isitumike kuchuja watu wala kuwa kipimo cha kwanza cha kugundua UVIKO. Sababu ziko wazi ukishawahi kumlaza chali mtu mwenye oksijeni 86 ndani ya lile bomba na mtungi umebaki robo. Mionzi yake ni milisivati 6 hadi 7 hivi kwa kifua cha kawaida, yani eksirei sitini na kitu kwa mpigo mmoja. Ile dawa ya mishipa nayo inataka ufikirie figo.

Kwahiyo CT mimi naiita pale ambapo jibu lake litabadilisha kitu. Mgonjwa oksijeni imeshuka sana lakini altrasaundi ya mapafu ni safi kote, mistari ya A tupu, utando unateleza, pumu hana: hapo kengele ilie kichwani. Mapafu mazuri na oksijeni mbaya ni bonge la damu mpaka ithibitike vingine. Usiweke probu chini bado, shuka kwenye mapaja na nyuma ya goti, bonyeza mshipa, usipobonyea umepata ushahidi wako hata kabla hujapiga simu radiolojia. Hiyo ni sehemu ya utaratibu wa BLUE na watu wengi wanaisahau, wanaona mapafu wanafunga mashine.

Sikio na kidole

Stetoskopu siitupi, ila tuongee ukweli. Daktari Mfaransa Laennec aliibuni Paris mwaka 1816 na kwa mtu wa pumu anayepiga filimbi bado inatosha. Kwa nimonia ya virusi unaweza kusikiliza mgongo wote usisikie kitu, hasa ukiwa umevaa kofia na ngao ya uso na feni inanguruma.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kila mtu anacho na kila mtu anakiamini kupita kiasi. Mwishoni mwa 2020 jarida la New England la tiba lilichapisha takwimu za wagonjwa wa Michigan: ambao kidole kilisoma kati ya 92 na 96, damu yenyewe ilipopimwa, karibu 12 kati ya 100 ya wagonjwa Weusi walikuwa chini ya 88, kwa Wazungu ni kama 4. Rudia kusoma hiyo kama wagonjwa wako wengi ni wa ngozi nyeusi. Mtu anasoma 94, anasema yuko sawa, ila pumzi ni 28 kwa dakika. Hapo mimi siondoki bila kuangalia mgongo wake kwa probu, nikikuta mistari ya B imejazana kanda nne tano, yani maeneo tunayoyagawa kifuani wakati wa kupima, huyo haendi nyumbani kwa sababu eti kidole kimesema 94.

Siku mbili zilizonifundisha

Ya kwanza ilinipa sifa. Wimbi la korona limepamba moto, kila anayehema anaingizwa wodi ya virusi bila mjadala. Kaja mama mtu mzima, homa kidogo, anahema, hawezi kulala chali, nyumbani kuna mtu kapimwa akakutwa navyo. Kwenye faili kuna mtu kashaandika jibu kabla ya kipimo. Naweka probu mgongoni kulia, mistari ya B imejaa. Kushoto, imejaa vilevile. Napanda juu, ipo pande zote kwa usawa, hakuna kisehemu kilichosalimika, na utando ni laini, mwembamba, umenyooka kama uzi uliovutwa. Chini kabisa pande zote kuna maji. Nikahamia kwenye moyo, unajikokota, hausukumi. Huyu shida yake ilikuwa moyo, presha yake ilikuwa juu na mapafu yamejaa maji. Alipewa furosemaidi, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, na dawa za presha, na usiku uleule akalala chali. Kipimo cha virusi kilirudi kesho yake, hana. Angekaa wodi ile angevipata.

Tofauti hiyo ndo inayofanya nisiache hii mashine. Mabaka na utando uliokwaruzika, fikiria virusi. Usawa pande zote, utando laini, maji chini, fikiria moyo. Pafu limekuwa gumu eneo moja kubwa linafanana na ini, na ndani yake kuna vimulimuli vya hewa vinacheza na pumzi, fikiria nimonia ya bakteria. Utando hautelezi kabisa na mgonjwa kabanwa ghafla, fikiria hewa imevuja nje ya pafu, na ukisogeza pembeni ukakuta mpaka ambapo unateleza upande huu na hautelezi upande ule, umeshapata jibu. Maji mengi sana upande mmoja, hiyo sio tabia ya virusi hivi, tafuta kingine.

Ya pili sipendi kuisimulia. Kijana, homa kali, kikohozi, nikapima kanda zote kwa uangalifu, safi, nikajivuna kidogo, nikamruhusu aende na maelekezo ya kurudi. Karudi baada ya siku mbili hali mbaya, CT ikaonyesha nimonia kubwa imekaa katikati karibu na mzizi wa pafu, haijagusa utando popote. Probu haikuwa na njia ya kuiona maana kati yake na ugonjwa kulikuwa na pafu zima lenye hewa. Nilijua hilo kinadharia, nimelifundisha hata. Alipona, lakini tangu siku ile altrasaundi safi kwa mtu anayeonekana mgonjwa sana sio ruhusa ya kwenda nyumbani, ni sababu ya kupiga eksirei.

Probu ipi, kanda ngapi

Probu iliyopinda, ile ya tumbo, ya megahezi 2 hadi 5, inatosha kwa karibu kila kitu hapa, inashuka ndani, inaona maji na pafu lililojaa, kina weka sentimita 10 mpaka 15. Ile iliyonyooka ya mishipa, megahezi 7 kwenda juu, ni nzuri kwa utando wenyewe, kuona ukwaruzo na kuteleza, na kwa watoto ambao vifua ni vyembamba, ila mistari ya B mirefu haikupi picha kamili. Ukiwa na moja tu chukua iliyopinda. Na uzime vile viprogramu vya kusafisha picha kwenye mashine, maana vinafuta mistari ambayo ndo unayoitafuta, we unadhani pafu safi kumbe mashine imekuremba.

Ya mkononi inayochomekwa kwenye simu au ile kubwa ya magurudumu? Kwa mgonjwa wa kuambukiza mi nachagua ya mkononi bila kufikiria, unaifunga yote kwenye mfuko wa plastiki na simu yake, unatoka unafuta sehemu mbili tatu umemaliza. Ile kubwa ina vitufe, nyaya, magurudumu, kila kona ni pa kufuta. Kubwa inashinda ukitaka kuangalia moyo kwa undani, au betri ya mkononi ikikata katikati ya kazi, na itakata. Jeli tumia vipakiti vya mtu mmoja, sio chupa moja inayozunguka vitanda vyote. Na usome maelekezo ya probu yako kabla hujaifuta kwa spiriti, zingine mpira wake unapasuka.

Kanda, waliozoea ICU wanafanya 12, sita kila upande, mbele pembeni na nyuma, juu na chini, na kila moja wanaipa alama 0 mpaka 3, jumla 36. Sifuri ni mistari ya A, moja ni mistari ya B iliyoachana, mbili ni iliyoungana, tatu ni pafu lililojaa kabisa. Wengine wanafanya 14, wengine 8. Kwa emajensi yenye foleni mpaka nje mimi nafanya 12 kwa mgonjwa nitakayemlaza kwa sababu namba yake itanisaidia kesho kujua anapanda au anashuka, na kwa anayeonekana mzima naanza na mgongo wa chini pande mbili, nikikuta kitu naendelea, nikikuta safi na pumzi nzuri na akitembea hatua zake bila oksijeni kushuka, namwachia. Alama ikiwa juu anakuwa na hatari zaidi, hilo tafiti nyingi zinakubaliana, ila usichukue namba moja ya mkato kutoka sehemu fulani ukaifanya sheria kwenu, wagonjwa sio walewale.

Mnene sana, picha inakuwa hafifu, jaribu kwapani na mgongoni. Mwenye hewa chini ya ngozi, acha, huoni kitu, nenda eksirei au CT. Mwenye kovu la mapafu la zamani au aliyewahi kuugua vibaya mwaka jana, mistari ya B na utando mbaya anavyo siku zote, tafuta picha zake za nyuma kabla hujamhukumu upya.

Na kwenye faili tafadhali usiandike "altrasaundi: UVIKO". Andika ulichokiona, kitu kama: "Kanda 12 zimepimwa, mgonjwa kakaa. Mistari ya B iliyoungana mgongo wa chini pande zote, kulia zaidi, kwa mabaka. Utando umekwaruzika. Hakuna maji. Utando unateleza kote. Alama 14 kati ya 36. Inaendana na nimonia ya virusi, PCR inasubiriwa." Weka saa, weka jina lako, hifadhi klipu mbili za mgongo, ili wa zamu ya asubuhi akiweka probu palepale ajue analinganisha na nini.